Kinanda Kisicho na Ngoma

Mdogo wangu aliporudi kutoka masomoni Ulaya, wenzake walishuka na redio na suti. Yeye alishuka na kinanda. Kilikuwa cha umeme, cha kuweka mapajani, na siku hiyohiyo kilipoingia nyumbani kwetu Chemchem, hapa Tabora, mjumbe wa nyumba kumi alifika kukikagua. Hakukubali kukaa. Alisimama mlangoni akauliza kimelipiwa ushuru wapi. Miaka ile ukionekana na sabuni ambayo haikutoka kwenye foleni ya duka la ushirika ulikuwa na maelezo ya kutoa, sembuse kinanda. Mdogo wangu akampa karatasi za forodha. Mjumbe akazitazama juu chini, akaaga, nami nikabaki najiuliza nani aliyekwenda kumwambia. Mpaka leo sina ushahidi, lakini mtu wangu ninaye.

Mimi ni mtu wa kushuku, naomba nieleweke mapema. Nikikuta sukari imepungua kwenye kopo siulizi imekwendaje. Nauliza nani.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mpiga kinanda wa kwaya ya kanisa letu, ingawa cheo hicho cha pili kilikuwa cha jina tu. Kinanda cha kukanyaga walichoacha wamisionari kilikuwa kimetobolewa na panya, na kwaya ilikuwa ikiimba kavu. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiambia, "Dada, hiki nilikununulia wewe," nililia mbele ya watu bila haya.

Kilikuwa kinanda cha ajabu. Ukishika sauti kwa mkono wa kushoto, chenyewe kinakupigia besi, kinakuongezea vinubi vya katikati, sauti kama za nyuzi, na juu yake kinatia ngoma. Ukibonyeza walzi unapata walzi, ukibonyeza rumba unapata rumba. Jumapili ya kwanza nilibonyeza rumba ya polepole, na vijana wa kwaya walichangamka kweli. Jumatatu nikaitwa kwenye baraza la wazee.

Asiye wa kwetu anaweza kudhani wazee walichukia kelele. La. Neno lenyewe ndilo lilikuwa zito. Kwao ngoma haikuwa chombo cha ngozi na mti tu. Ngoma ilikuwa uwanja wa kuchezea, na pombe yake, na mizimu yake, mambo yote waliyoyaacha walipobatizwa. Mwenyekiti, mzee mwembamba aliyestaafu ukarani wa mahakama, alitamka kama anayesoma hukumu: "Mwalimu, kinanda tunakipenda. Ngoma haiingii hapa. Ikisikika tena, kinanda kinatoka, na kwaya itaimba kavu kama zamani."

Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee hao. Nilimtazama anitetee. Akatikisa kichwa kukubaliana na mwenyekiti, tena kwa nguvu kuliko wote.

Basi nikaingia kazini. Upande wa kushoto wa kinanda palikuwa na vitufe vya kutelezesha, kimoja cha ngoma, kimoja cha besi, kimoja cha vile vinubi. Nikateremsha cha ngoma mpaka chini kabisa. Kilichobaki kilinitia aibu. Besi ya rumba ilizoea kujibizana na ngoma, na ngoma ilipoondoka ikawa inauliza bila kujibiwa, imejaa mashimo. Kila nikitoka shule nilikaa nayo. Nilichukua besi ya walzi, ile isiyomtegemea mtu, nikaioanisha na vinubi vya mtindo mwingine vinavyodondoka kimoja kimoja, nikapunguza mwendo, nikasikiliza kama inasimama bila kushikiliwa. Nyingine zilianguka. Kila wimbo ulidai mchanganyiko wake, na nilipoupata nilifurahi kupita kiasi, nikijua kwamba hakuna aliyeupiga kabla yangu.

Jumapili ikafika. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili nikasikia: ko. Halafu tena: ko, ko-ko. Mlio mdogo, mkavu, uliokaa sawasawa kwenye mapigo. Mwenyekiti akainua kichwa kutoka kwenye kitabu chake. Mimi nikatazama kitufe cha ngoma. Kilikuwa chini.

Nilimjua mwizi wangu papo hapo. Kiongozi wa sauti ya besi alikuwa amewahi kupiga gitaa kwenye bendi ya dansi hapa mjini kabla ya kuokoka, na tangu kinanda kifike alikuwa akikisifu mno. Watu hawasifu hivyo kitu wasichokitaka. Tena alikuwa anasimama karibu na mkono wangu wa kushoto. Jumapili iliyofuata nilikibandika kitufe plasta ya kidonda. Ukasikika. Jumapili nyingine nikamhamishia yeye mwenyewe upande wa kulia, nikamwambia ni kwa ajili ya mpangilio wa sauti. Akanitazama kwa upole, na upole wake ukanizidishia shaka. Ukasikika vilevile.

Baada ya ibada mwenyekiti alinisubiri nje.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mwalimu, masikio yangu hayajazeeka."

"Ngoma nimeizima, mzee. Njoo uone hata plasta."

"Plasta nimeiona. Na ngoma nimeisikia. Jumapili mbili tu nakupa, basi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu kweli. Nilijiona nimerudi kuimba kavu, kinanda kimefungwa shuka juu ya kabati, na yule bwana wa besi anakuja kuuliza kwa sauti ya huruma kama tunakiuza.

Jumamosi tulifanya mazoezi kanisani. Kwaya nzima ilikuwepo, na bwana wa besi alikuwepo. Hapakuwa na ko wala nini. Nikasimamisha wimbo nikajiuliza: nani huwepo Jumapili na Jumamosi hayupo? Washarika. Kabla ya kuondoka nikakigeuza kinanda kielekee mabenchi.

Kesho yake nilipiga macho yakiwa kwenye miguu ya watu. Nilipita kwenye malapa, makubadhi ya matairi, miguu ya watoto inayoning'inia. Ubeti wa pili ukafika, na ko ikaja, nami nikaifuata mpaka benchi la mbele, la wazee. Kiatu cheusi cha ngozi, kisigino kimepigiliwa kipande cha chuma ili kisiishe. Kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya saruji, katika yale mashimo niliyokuwa nimeyaacha wazi. Nilipanda na suruali mpaka kwenye uso. Alikuwa baba. Macho yalikuwa kitabuni, uso umetulia, hajui lolote. Nilikasirika mpaka vidole vikateleza. Kisha nikaogopa, kwa sababu mzee wa kanisa akipatikana na ngoma hakitoki kinanda peke yake. Angetengwa na meza ya Bwana, katika uzee wake, kwa kinanda changu.

Jioni nilimkuta uani anamenya karanga.

"Baba, ile ngoma ya kanisani ni wewe."

"Mayu," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita, mama, kwa Kinyamwezi, na alipokasirika alilitamka taratibu zaidi. "Mimi ngoma niliiacha hujazaliwa. Nani kakutuma?"

Tabia ya kushuku niliirithi kwake, nadhani. Nikaleta kinanda, nikapiga ule mchanganyiko wangu. Mguu ukaanza. Baba akautazama kana kwamba ni wa jirani. Akalishika goti kwa mikono miwili, na kisigino kikaendelea kutikisika.

"Hii si ngoma," akasema. "Ni mwendo. Baba yangu alikuwa mpagazi, kabla ya reli. Amebeba mizigo ya watu mpaka pwani na kurudi. Alinifundisha kupiga kisigino hivi, usisikie uzito." Akaokota karanga, akairudisha. "Lakini mwenyekiti hataki kusikia hadithi za njiani."

Jumapili ile ya hukumu baba alifika mapema. Mlangoni akavua viatu, akaviacha nje, akaingia na soksi. Wakati ule kiatu cha ngozi ukikiacha nje kilikuwa kinaota miguu, kwa hiyo watu walishangaa mara mbili. Na Tabora hii yetu, anayevua viatu mlangoni kwa ibada anajulikana anakwenda wapi. Nilisikia mnong'ono ukipita nyuma: "Mzee amesilimu?" Mmoja akajibu kwamba si ajabu, jirani yake si yule fundi cherehani Mwislamu, kila siku wako pamoja barazani.

Nikapiga. Ubeti wa pili ukafika bila ko. Niliona soksi inapanda na kushuka, kimya. Nilipaswa kufurahi. Lakini kwaya ilianza kuvuta, soprano wakatangulia, besi wakabaki nyuma, na washarika wakatafutana katikati. Wote walikuwa wamezoea kuegemea mahali ambapo sasa palikuwa patupu. Ubeti wa tatu ulivunjika kabisa. Nikaondoa mikono.

Mwenyekiti akasimama. Alipita katikati ya kanisa bila kumtazama mtu, akatoka nje, na nikajua anakwenda kuwaita vijana wa kubeba kinanda. Nikakishika kwa mikono yote miwili. Akarudi na viatu vya baba, kimoja kila mkono. Akainama, yeye mwenye mgongo mbovu, akaviweka miguuni pake.

"Vaa, mzee mwenzangu. Saruji ina baridi."

Baba akavaa. Akafunga kamba taratibu, huku kanisa zima likimngoja. Mwenyekiti akarudi kwenye nafasi yake, akafungua kitabu, akanitazama kama karani anayefunga kesi.

"Endelea, mwalimu," akasema. "Hapa hakuna ngoma."