Siku Susu Alipomhurumia Mzuka

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, huko kwetu milima ya Kilungu, nilikuwa na mazoea ambayo hakuna aliyenifundisha. Nikitoka shule, kabla hata sijavua sare, nilizunguka nyuma ya nyumba, nikashuka mpaka penye miavokado, nikaketi kando ya kaburi la mama na kumpa habari za siku. Nani amechapwa. Nani ametapika kwenye foleni. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mimi sikuona kwa nini hilo litufanye tuache kuongea.

Tulikuwa watu wa kanisa, tena wa viti vya mbele. Lakini Susu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na yake. Kila asubuhi, kabla hajaonja uji, alimwaga tone moja kizingitini kwa ajili ya aimu, yaani wafu wa ukoo wetu. Mchungaji alipomkuta siku moja, Susu alimwambia ni uzee, mkono umeanza kutetemeka. Mkono huohuo uliingiza uzi kwenye sindano bila miwani. Mchungaji alikunywa uji wake akanyamaza, maana hakuwa mjinga.

Likizo ya Agosti, binamu yangu Nduku alikuja kutoka Machakos na CD kwenye mkoba. Alikuwa kidato cha pili na alijua kila kitu, au ndivyo alivyotuambia. Stima ilikuwa imetufikia juzijuzi, na baba, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alikuwa ametuletea televisheni ndogo na deki ya kuchezea CD. Siku hiyo Susu alikuwa shambani. Nduku akafunga mapazia, akaniambia, "Ukilia nazima, na sikuwekei tena." Nikamwambia aweke tu.

Filamu ilianza na nyumba kubwa ya mawe, ya wazungu wa zamani, imezungukwa na ukungu kama huu wetu wa Agosti. Ndani aliishi msichana wa rika langu, baba yake tajiri, na mama wa kambo. Mama mzazi alikuwa amekufa na kuzikwa ng'ambo ya bustani. Basi giza likianza kuingia, anatoka. Gauni jeupe limejaa udongo, nywele zimemfunika uso, anavuka nyasi polepole mpaka dirishani kwa mtoto, halafu anakwaruza kioo kwa kucha. Nduku alijificha nyuma ya mto. Mimi sikuweza hata kujificha.

Ilipokwisha tulifungua mapazia, na nje kulikuwa bado mchana. Dirisha letu la sebuleni linaangalia miavokado. Siku hiyo sikushuka, wala kesho yake. Nikienda chooni nilipitia mbele ya nyumba, njia ndefu, na jua likianza kushuka nilihakikisha niko jikoni na watu.

Lakini lililoniuma zaidi halikuwa hofu yenyewe. Kila nilipojaribu kuukumbuka uso wa mama, zilinijia zile nywele, zimeufunika. Mama hakuwa hata na nywele ndefu, masikini, alinyoa kila mwisho wa mwezi kwa sababu ya kitambaa chake cha kichwa. Nilifumba macho nikamtafuta, nikampata yule wa dirishani. Nilikuwa nampoteza mara ya pili, na safari hii hakukuwa na mtu wa kuja kutupa pole.

Susu aliona. Tulikuwa tunachambua mbaazi akaniuliza, bila kuinua macho, "Mwende, siku hizi huendi kwa mama yako. Mmegombana?"

Nikamweleza yote, nikilia. Hakucheka, wala hakumgombeza Nduku. Alisema tu, "Niwekeeni hicho kitu nikione mwenyewe."

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, akaja sebuleni na ungo wake wa mbaazi, akakaa kiti cha baba. Susu hakujua Kiingereza, kwa hiyo Nduku alimtafsiria kwa Kikamba. Nami nilikaa sakafuni, nimeegemea miguu yake, tayari kufumba macho.

Yule mwanamke alipofika dirishani, Susu akauliza, "Huyo mtoto ni wa nani?"

"Ni wa huyo aliyekufa, Susu."

"Basi si amekuja kumwona mtoto wake?"

"Huyo ni mzuka. Anataka kumuua."

"Amesema hivyo?"

Filamu nzima yule mwanamke hakuwa amesema neno hata moja.

Susu aliifuata filamu ile kama anayesikiliza kesi ya majirani. Watu wa nyumba ile walipoketi kwenye meza ndefu yenye nyama na mikate, akasonya. "Chakula chote hicho, na hakuna hata mmoja aliyemkumbuka kwa tone? Picha yake wameitoa ukutani, jina lake hawalitaji. Wewe ungelala huko chini ukatulia?" Mama wa kambo alipoamuru madirisha yapigiliwe mbao, Susu aliweka ungo chini. "Maskini mama wa watu," akasema, na nilipogeuka nikamwona anajipangusa macho kwa ncha ya leso.

Nikatazama tena, safari hii bila kufumba. Yule mwanamke alikuwa amesimama kwenye umande bila viatu, mikono yake juu ya mbao, akitetemeka kwa baridi. Sikuwa nimeliona hilo mara ya kwanza.

Walipokuja wanaume na mienge ya moto kwenda kaburini, Susu akasema, "Hao watu hawana adabu. Zima." Nduku akazima.

Jua likiwa bado juu ya mlima, Susu alijaza uji kwenye kikombe cha bati, akanishika mkono. Tulipofika kona ya nyumba nikagoma. Nikamwambia sitaki.

"Mama yako alikuwa akikuchapa?"

"Mara moja tu. Nilipomwaga maziwa."

"Sasa kufa ndiko kungemfanya mkali? Mtu akifa hageuki kuwa mtu mwingine, Mwende. Twende."

Kaburini alimwaga uji kidogo, akasema kwa sauti yake ya kila siku, kana kwamba anaongea na mkaza mwanawe mlangoni, "Mama Mwende, mtoto wako alionyeshwa mambo ya watu wengine akashtuka. Usimwekee kinyongo." Kisha akaniambia anakwenda kufungia kuku. Akaniacha.

Nilikaa pale sijui nianzie wapi. Mwishowe nikamsimulia mama ile filamu, tangu mwanzo, ile nyumba, yule baba, ile meza. Nilipofika pale pa kucha na kioo niliacha kusimulia. Nikamwambia, "Kama ungekuwa ni wewe, ningekufungulia." Nililia sana. Na nikiwa nalia uso wake ukanirudia, wenyewe hasa, na mwanya wake, na kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande.

Susu naye ameshatutoka. Mimi ni mtu mzima, natunza watoto wangu katika mji wa Wote, na bado ni wa kanisa. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu mambo ya Susu, mengine yakimtaja karibu kwa jina, na sijawahi kusimama kubishana. Kama aimu hunywa uji, sijui. Ninachojua ni kwamba siku ile mwanamke mzee asiyejua Kiingereza alimhurumia mzuka wa watu baki, na kwa huruma hiyo akanirudishia mama yangu.

Sasa nimempita mama kwa umri. Mvua inapokuja na upepo, kuna tawi ambalo hukwaruza dirisha la chumba chetu, na mume wangu hushtuka kila mara, kisha husema kesho atalikata. Mimi humwambia aliache. Nami nalisikia, na kwa muda mfupi, kabla akili yangu haijanirudia, huwa ninafurahi.