Mchezaji Ambaye Hatukumtambua

Nakumbuka Jumamosi za usichana wangu, mwanangu, tulipokaa kambi ya wafanyakazi wa shaba hapa Lubumbashi. Mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja, ya karani mpole aliyeacha dirisha wazi ili na sisi tuone. Okestra zikianza kupiga, wasichana tulibanana pale. Waimbaji hatukuwatazama sana. Tulitazama wanawake waliocheza mbele yao na vitambaa vifupi, maana kamera nayo ilishuka kiunoni ikaganda hapo, kama nzi juu ya samaki.

Aliyeumia zaidi ni dada yangu Mujinga, jina la heshima kwetu, si tusi. Alikuwa mwembamba, mweusi kama baba, na akiimba watu waliacha mazungumzo. Lakini alianza kujifunga matambara chini ya kikwembe, kitenge chake, ili nyonga zionekane pana. Kisha akajipaka mafuta ya kuchubua, mpaka mashavu yakawa mekundu na kumwasha. Shule akaikataa. Hata harusi ya binamu yetu kule Kipushi, ambako aliombwa aimbe, alisema haendi.

"Nani ataangalia mimi?" akaniuliza. Nami kioo kilikuwa kimeanza kunichosha.

Mama aligomba, baba akatisha, maneno yao yakateleza kama mvua juu ya bati. Basi wakatupeleka mtaa wa Kamalondo kwa Shangazi Zaina, dada ya baba, aliyekuwa mshonaji. Alikuwa ameolewa na Mwislamu wa Maniema, na hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

Siku moja aliingia mama mmoja, mtoto mgongoni, nguo imechanika mshono. Uso ulikuwa umechoka. Tulimsalimia kwa heshima tu, kama unavyomsalimia mtu yeyote. Shangazi alipokuwa anampima, mtoto akalia sana. Mujinga akampokea, akamwimbia polepole, mtoto akalala.

"Eh, uko na sauti, weye!" yule mama akasema.

Mujinga akainamisha kichwa. Shangazi akatoa pini mdomoni.

"Munamujua huyu mama?"

"Hapana, tantine."

"Njo huyu munaangaliaka kila samedi ku televizyo. Okestra yabo imekuja kupiga ku hoteli Karavia."

"Bongo! Si kweli!" Mujinga akashtuka. "Ule iko mweupe!"

Mwanangu, picha za siku zile hazikuwa na rangi, na taa kali za studio zilimfanya kila mtu ang'ae. Lakini si hilo lililotushangaza. Mwanamke yule tulijua kila mzunguko wa kiuno chake, na sura yake ilikuwa mbele yetu kama ya mgeni.

Yeye hakukasirika. "Banajua kiuno yangu," alisema. "Minapitaka ku soko, hakuna mutu ananiita jina." Kisha akayatazama mashavu ya dada yangu, akasogea karibu. "Na weye minaona unapaka. Mimi, patron wa okestra njo anataka nipake. Inakuwashaka?"

"Inaniwasha," Mujinga akajibu, na machozi yakamtoka na mtoto wa watu bado mikononi mwake.

"Acha, mudogo wangu. Miye niko nakula na hii kazi. Weye, nani amekutuma?"

Alipoondoka, nilitaka kuonyesha akili. Nikasema kwamba wanawake wa aina ile hawana aibu. Shangazi akaweka mkasi chini.

"Nyamaza! Ule anachoka juu ya mutoto wake. Aibu iko kwa ule anashika kamera, na ku dirisha kwenye muko nasimama. Macho haina pazia, lakini muntu iko na shingo ya kugeuza." Na kwa Mujinga akasema lile neno la wakwe zake: "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Usidhani dada yangu alipona siku hiyo. Matambara aliyavua baada ya muda mrefu, na shavu la kushoto lilibaki na baka hadi uzeeni. Lakini Kipushi alikwenda. Aliimba huku uso ungali umebabuka, kwanza akitazama chini, halafu akatazama watu.

Leo dirisha la karani mnalo mfukoni, kwenye simu, usiku na mchana. Sikwambii muziki ni mbaya; mimi mwenyewe nikisikia gitaa, mabega hayanitii. Kucheza ni furaha, na mwili si dhambi. Ninachokwambia ni hiki: picha inayomkata mwanamke vipande itakufundisha nawe kujikata vipande, hiki kinafaa, hiki hakifai. Ukiona umetoka kuitazama na moyo umesinyaa, geuza shingo. Usimdharau anayecheza mle, muulize anayemchezesha. Na kabla hujajipaka au kujifunga kitu, jiulize nani amekutuma.

Mungu akupe macho ya kujiona mzima, mwanangu. Watu wakuite kwa jina lako, nawe uitike bila kuinamisha kichwa. Amina.