Tulikwenda Singida Kujipima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha kukamua alizeti pale Kizota, nilibeba magunia mpaka kivuli changu kikaomba likizo. Msimamizi wa zamu akacheka: "Mgongo unao, kijana. Kichwa tutakiona baadaye." Kichwa nikakipeleka shule ya jioni. Nilisinzia darasani kuliko mwanafunzi yeyote Afrika Mashariki, lakini cheti nilikipata, na Meneja Mkuu akanipa meza na cheo: Afisa Ulinganishi.

Vijana wa leo mnaijua kazi hiyo kwa chati za rangi. Sisi tulitumia ndoo na mizani. Gunia moja linatoa mafuta kiasi gani? Mashudu, yaani makapi yanayobaki, yamekauka sawasawa? Mashine inasimama mara ngapi? Kisha unakwenda kwa mwenzako mwenye kazi kama yako, unapima vilevile, unajua nani kamzidi nani na kwa nini.

Msimu mmoja wakulima wa kijiji cha Busi walituhama, wakawa wanapeleka alizeti Singida. Meneja Mkuu akaniita.

"Nenda ukaone wanatuzidi nini. Ukirudi mikono mitupu, mashine ya pili naizima, na watu wake wote wanakwenda nyumbani."

Mashine ya pili ndiyo iliyonilea; ndiyo niliyoibebea magunia. Nikapanda basi la Singida na ndoo yangu na mizani.

Kufika, kimya! Wenyeji walikuwa wamezima mashine zote kwa heshima ya mgeni. Palikuwa na ngoma, hotuba, na pilau lenye nyama kubwa kama matofali.

"Mheshimiwa, washa basi nipime," nilimsihi meneja wao.

"Mgeni hapimi na njaa," akajibu, akaniongezea upawa mzima.

Kwa kuwa hapakuwa na cha kupima, nikajisogeza kwa wakulima waliokuwa wakisubiri. Mmoja alikuwa Bi Mwanaidi, mteja wetu wa zamani kutoka Busi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmetufuata mpaka huku?"

"Huku mnapata mafuta mengi zaidi?"

"Wapi! Mengi ni kwenu. Ila kwenu mnaipokea alizeti yangu getini, mnaichanganya na ya watu, mnaniletea dumu kama dawa ya hospitali. Huku nasimama, naiona yangu ikikamuliwa."

Jioni waliwasha, nikapima. Kweli, kwa mafuta tuliwaacha mbali. Nikarudi na habari hiyo, Meneja Mkuu akapiga meza.

"Kumbe tunaongoza! Sasa?"

"Sasa mkulima aingie ndani, mzee."

"Akatwe mkono na mkanda wa mashine?"

"Tuweke uzio wa waya, asimame nyuma yake, alizeti yake ikamuliwe peke yake. Tujaribu mashine ya pili tu. Wasiporudi, naizima mwenyewe, nawe unifukuze."

Akapiga meza tena. "Haya. Mashine ya pili tu."

Uzio tukaufunga, habari nikaipeleka Busi. Mwanzoni hakuja mtu, nikakonda. Kisha likaingia lori la Busi, na Bi Mwanaidi akashika waya akimfokea mwendeshaji: "Taratibu, baba, hiyo ni yangu!" Msimu ule mashine ya pili ilinguruma mpaka Singida wakaisikia. Hakuna aliyekwenda nyumbani.

Nimestaafu, naishi mtaa wa Kikuyu, mjini kwetu, lakini hupita kiwandani kusalimia. Uzio umebonyea katikati, pale wakulima wanapoegemea. Fundi alitaka kuunyoosha. Nilimwambia, kijana, ukiugusa nakushtaki. Hiyo ndiyo nishani yangu.