Watu Tisa, Anwani Moja

Mpaka leo sijui barua ile ilikuwa ya nani, na mimi ndimi niliyeiomba.

Mambo yalianza pale mheshimiwa mmoja, cheo chake nakiacha, alipokuja kwetu Mtopanga, akasimama juu ya gari na kutangaza kwamba habari za kushinda kwenye benchi la ofisi yake zimekwisha. Mwenye shida amwandikie barua pepe, naye atajibu mwenyewe. Vikaratasi vyenye anwani vikagawanywa. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuwashinda wote, maana benchi lile nilikuwa nalijua kila msumari. Nilikuwa nikilikalia kwa ajili ya mtaro unaofurika mbele ya kibanda changu cha kushonea.

Katika nyumba zetu zinazozunguka kisima, simu zilikuwa nyingi, lakini aliyejua anwani yake ya imeili nilikuwa mimi peke yangu. Tena si kwa elimu. Aliyeniuzia simu aliniandikia kwenye boksi kwa kalamu, na mimi situpi boksi. Basi wakaja. Nikaacha cherehani nikawa karani.

Wa kwanza kati yao alikuwa bibi jirani yangu wa ukuta mmoja, Mgiriama, mpishi wa mbaazi. Mjukuu wake wa miaka saba hasikii tangu kuzaliwa. Shule ya viziwi yenye bweni ilimwambia alete barua ya kiongozi, ndipo mtoto afikiriwe nafasi. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja aliyechonga mawe ya kujengea maisha yake yote, hata vidole vikalika. Mashine ya kitambulisho haioni alama zake. Bila kitambulisho hospitali haimwandikishi, na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, yanangoja kupasuliwa. Yeye pia aliambiwa alete barua ya kiongozi. Katikati yao walikuwa wengine, pamoja na mimi na mtaro wangu.

Kila mmoja alitaka aanze kwa salamu kamili, amuulize mheshimiwa hali yake na ya watu wa nyumbani kwake. Niliandika yote. Kosa langu ni kwamba nilijua kuanzisha barua moja tu. Nilipomaliza ya bibi sikuona pa kuanzia nyingine, basi nikabonyeza pale pa kujibu, nikaandika ya pili chini yake, na ya tatu, hadi tisa. Nilijiona fundi kwelikweli.

Wiki tatu zikapita. Siku moja nikiwa napinda mkono wa kanzu, simu ikalia, jibu limeingia. "Ombi lako limekubaliwa. Fika ofisini Jumatatu saa tatu uchukue barua." Basi, hakuna zaidi. Nikalisoma kwa sauti, na kila aliyesikia akasikia lake. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, niliuona mtaro wangu mkavu. Kisha nikatazama vizuri nikaona jibu limekaa chini ya ombi la mzee. Nikamwendea nikamwambia, "Naona ni yako, babu." Alinishika mkono akauacha baadaye sana.

Jumatatu tulikwenda wote tisa, kila mtu na stakabadhi zake. Benchi lilikuwepo palepale. Karani, kijana mpole mwenye tai, akaitazama kompyuta yake kwa muda.

"Mama, hapa namwona mtu mmoja tu," akaniambia. "Mtu mmoja, shida tisa."

"Sisi ni watu tisa."

"Kompyuta inasema mmoja. Na barua iliyotiwa sahihi ni moja, imeachwa wazi mahali pa jina na pa shida."

"Mheshimiwa alisoma ombi gani?"

"Alisoma, mama."

"Gani?"

"Mimi sikuwepo. Lakini mwenye anwani ni wewe, basi aliyekubaliwa ni wewe. Niambie nijaze nini."

Nilikuwa nimechanganyikiwa hata nikamwambia aandike majina tisa, akasema nafasi haitoshi. Nikageuka. Bibi alikuwa amemshika mjukuu wake mkono, na mtoto alikuwa akinitazama mdomo, kama anavyomtazama kila mtu, akingoja. Mzee alikuwa ameketi, kidevu juu ya mkongojo, akiangalia ukuta.

Nikasema, "Ya mtoto."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu lililo karibu na ukweli ni kwamba mtoto alikuwa akiniona usoni, na mzee hawezi kuniona. Nikikumbuka hilo hata sasa naona haya.

Mzee akasema, "Alhamdulillahi, mtoto apate." Tulipokuwa tukitoka akaniambia taratibu, "Basi siku ile sikukusikia vyema, mwanangu." Lawama akaipa masikio yake. Sikumsahihisha.

Sasa najua kuanzisha barua mpya. Nimemwandikia mzee yake peke yake, mara tatu, na kila mara inarudi na maneno kwamba kisanduku cha mheshimiwa kimejaa. Tukarudi kwenye benchi. Karani akatuambia kwa adabu kwamba siku hizi shida hazipokelewi hapo, tutumie imeili. Mzee huja kibandani kila asubuhi akakaa juu ya kiti changu cha wateja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Imejibu?"

"Bado, babu."

"Inshallah."

Mtoto alikuja likizo mwezi uliopita, amenenepa, mikono yake haitulii. Aliponiona mlangoni alikutanisha viganja, kisha akainua kimoja kama anayefungua bahasha, akanielekezea kidole. Bibi yake akanieleza kwamba shuleni kwao kila mtu hupewa jina la mikono, na hilo ndilo jina langu, mama wa barua.

Kesho yake alirudi tena, mzee akiwa juu ya kiti chake. Mtoto akafanya vilevile, mara mbili, karibu kabisa na magoti yake. Mzee akakunja uso, akijaribu kuona.

"Yuwafanya nini mtoto?"

Nikamwambia anacheza tu.