Watiri na nguzo ya kupimia ardhi

Saa kumi na moja alfajiri, mwiko unagonga ukingo wa sufuria mara mbili jikoni kwa Watiri Theuri, hapa Endarasha. Uji umeiva. Anaufunika, anachukua panga na ufagio, na kuteremka shambani kwenye umande.

Katikati ya viazi kuna nguzo ya saruji inayomfikia kiunoni. Anafyeka nyasi zilizoizunguka, anafagia kinyesi cha ndege, kisha anaikagua pande zote kama ina ufa.

Hii ndiyo kazi yake tangu 1969, kwa shilingi sitini kila mwezi. Kila baada ya miaka kadhaa wapimaji wa ardhi waliomwajiri huja, huweka mashine juu ya nguzo na kurusha mwanga hadi kwenye kioo kilicho juu ya kilima cha mbali. Umbali ukibadilika hata kidogo, wanajua ardhi inavutwa na kusogea.

"Majirani walinicheka sana," anasema mama huyu wa miaka 64. "Jirani yangu Wamae akipita hapa ananiuliza, 'Watiri, jiwe lako limetoroka leo?'"

Hakujali. Mumewe alikuwa ameshafariki, na sitini hizo ndizo zilizomsomesha bintiye, Monicah.

Mvua za 1974 ziliangusha ua wa boma lake. Jioni moja, kwa kukosa pa kumweka, alimfunga ng'ombe wake kwenye nguzo. Asubuhi alikuta kamba imekazwa na udongo umevurugwa kwa kwato. Akaushindilia kwa miguu, akanyamaza.

Mwezi uliofuata wapimaji walikuja. Kiongozi wao alikuwa Kirit, kijana wa Nyeri mjini, ambako baba yake aliuza vitambaa. Siku ya tatu aliingia jikoni mbio, karatasi mkononi.

"Mama, ardhi imesogea inchi nzima! Hakuna mtu ameona kitu kama hii!"

Watiri aliwamiminia wapimaji chai. Anakumbuka walivyofurahi, naye akiiwaza ile kamba. Akisema, atafukuzwa, na Monicah atarudi nyumbani kwa kukosa karo. Akinyamaza, kijana huyu ataandika uongo.

Kesho yake, walipokuwa wakifunga mizigo, alimshika mkono.

"Kirit, si ardhi. Ni ng'ombe yangu. Nilimfunga hapo."

Kirit aliketi juu ya sanduku la mashine. Kisha akaomba jembe. Walifukua vyuma vinne vya alama vilivyozikwa kuizunguka nguzo kwa ajili ya mashaka kama hayo, wakapima upya kutoka kwenye vyuma hivyo hadi kwenye nguzo. Nguzo ilikuwa imeinama karibu inchi nzima.

"Nilingoja anifukuze," anasema Watiri. "Akaniuliza tu, 'Na sasa ng'ombe analala wapi, Mama?'"

Mchana huo wapimaji walivua makoti, wakamjengea ua wa boma. Ndipo wakasimamisha nguzo mpya.

Sasa ni 1984. Monicah ni mwalimu huko Gatitu. Kirit, mwenye mvi za kwanza, amemaliza jana kuipima nguzo ile mpya, lakini hesabu zitachukua miezi kadhaa huko Nairobi. Watiri anataka kustaafu, ila si kabla ya kusikia jibu.

"Miaka kumi nimeichunga," anasema. "Sitaacha bila kujua."

Kirit anaahidi kumwandikia.

"Barua ya nini?" Watiri anamjazia viazi kwenye mfuko. "Kuja mwenyewe, kijana yangu. Hata kama ni kuniambia ati haijasogea, kuja."