Kwenda Chiwanda na Basi Lisiloacha Mtu

Niliondoka Mbinga Jumatano moja kwa sababu ya macho ya dada yangu Yustina. Anaishi Chiwanda, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, kiasi kwamba watu aliwatambua kwa sauti tu. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Mbinga kwa wiki moja. Nilimwandikisha jina, akapewa zamu ya Ijumaa asubuhi. Ijumaa mchana madaktari wangefunga masanduku yao, na hakuna aliyejua watarudi lini. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nishuke Jumatano, nilale, nipande naye Alhamisi. Kilichobaki ni kuuweka mpango huo mikononi mwa Kampuni ya Mabasi ya Ukingo, na hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angeanza kusali.

Saa mbili asubuhi, stendi ya Mbinga. Hiyo ndiyo saa ya kuondoka, kwa mujibu wa ratiba iliyochorwa ukutani kwa rangi ya bluu nzuri sana. Basi lenyewe lilikuwa bado linazunguka mjini, likipiga honi kwenye nyumba za watu waliosema Jumapili kanisani kwamba huenda watasafiri. Nikapata muda wa kutosha wa kuikagua kampuni. Ina magari matatu. La kwanza ni lori, limestaafu nyuma ya ofisi na maboga yametambaa hadi kwenye usukani. La pili linasubiri giaboksi kutoka Songea, na giaboksi hiyo imekuwa njiani tangu nikiwa bado nafundisha. La tatu ndilo linalotembea, na wenyewe huliita "mabasi yetu".

Saa nne kasoro robo likaja. Konda wake ni Zuhura, mjukuu wa mwanzilishi, mama wa makamo mwenye sauti ya kutosha mabasi matatu.

"Shikamoo Mwalimu! Kiti chako namba saba, lakini kaa popote."

"Marahaba. Sasa tunaondoka?"

"Tunaondoka. Tunamsubiri mtu mmoja tu."

Tulipokuwa tukimsubiri huyo mmoja, ambaye mwishowe walikuwa wanne, Zuhura alinisimulia historia. Babu yake alikuja huku na duka la chumvi na vitambaa, akanunua lori la kubebea kahawa. Wakulima wakaomba kukaa juu ya magunia, akawaruhusu, na hivyo kampuni ikazaliwa bila mtu kuipanga. Siku moja Mbamba Bay bibi yake alishuka kununua usipa, wale dagaa wa ziwani. Babu akawasha lori akaondoka. Alipofika Mbinga ndipo alipogundua kwamba mke hayumo.

"Bibi je?" nikauliza.

"Alirudi siku ya tatu, na usipa wake kichwani. Hakumsemesha babu mpaka mwezi wa Ramadhani ulipoandama."

Tangu hapo ikawekwa sheria: aliyeshuka na sisi atapanda na sisi, na atasubiriwa popote alipo. Imeandikwa juu ya mlango wa basi: ASIACHWE MTU. Kampuni nyingine huongozwa na wahasibu na mameneja. Hii inaongozwa na hofu ya marehemu kwa mkewe.

Njiani sina la kulaumu, maana barabara haikujengwa na kampuni. Lami inashuka kwa kona kali katikati ya mashamba ya kahawa ya Wamatengo, kisha joto linapanda, makoti yanavuliwa, na ziwa linaonekana chini, kubwa na la bluu. Dereva wetu, Hyasint, anaendesha polepole na kumsalimia kila mtu barabarani, pamoja na habari za mifugo yake.

Saa saba mchana, Mbamba Bay. Abiria mmoja aitwaye Kandidus alishuka kununua samaki aina ya mbasa. "Dakika tano," alisema. Baada ya nusu saa akaonekana kwenye kibanda cha kinyozi, amefunikwa shuka hadi shingoni, kichwa nusu kimenyolewa. Hakuna aliyenung'unika. Watu walinunua mihogo ya kuchoma, wakatafuna, wakasema anakuja. Mimi nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Saa nane na nusu Kandidus alipanda, kichwa kinang'aa, akanipa pole kwa kusubiri.

Saa kumi na nusu, baada ya vumbi la kutosha, tukafika Chiwanda. Hapo nikaomba daftari la maoni. Lipo, limefungwa kwa kamba kwenye kiti cha dereva. Ndani yake palikuwa na maandishi mawili tu: mmoja aliisifu honi, mwingine aliulizia kuku wake. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wa ubaoni, nikapiga mistari chini ya maneno muhimu. Niliandika kwamba kesho basi liondoke saa moja kamili kama ratiba inavyosema; kwamba asisubiriwe mtu yeyote, hata awe nani; na kwamba konda azime simu ili wachelewaji wasimbembeleze. Zuhura alisoma taratibu mpaka mwisho.

"Tumepokea, Mwalimu," alisema, bila kucheka.

Dada yangu alikuwa ameketi mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Sogea." Alinishika uso, akaupapasa kwa vidole vilivyonuka moshi. "Na wewe umeanza mikunjo?"

Nilimweleza habari za madaktari. Akasema anaogopa kisu, na kama ni kufa angependa afie kwake. Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba aage kwanza, maana mtu aendaye hospitali haondoki kijijini kimyakimya.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tukaanza kuaga. Kila nyumba ilikuwa na sala yake, na kila sala ilifuatiwa na uji. Sikuwa na wasiwasi. Katika nyumba ya tano niliongezewa uji, nikakubali, maana nilijua vizuri kwamba basi la Ukingo halijawahi kuondoka kabla ya saa tatu.

Saa moja kamili tukasikia honi, mara moja tu, kisha mngurumo ukienda mbali.

Nilikimbia. Umri wangu si wa kukimbia, lakini nilikimbia. Stendi niliikuta imejaa watu, magunia ya mchele yako chini, na vumbi bado liko hewani. Kijiji kizima kilikuwa kimeachwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuishi na basi linalofuata saa.

"Kuna mtu kaandika kwenye daftari," mama mmoja aliwaambia wenzake. "Msomi fulani."

Nikapiga simu ya Zuhura. Ilikuwa imezimwa, kama nilivyoagiza. Basi lingine lilikuwa Jumamosi.

Dada alifika akiongozwa na jirani. "Limeondoka?"

"Limeondoka."

"Basi tena," alisema, na kwa aibu yangu nilisikia ametua mzigo. "Nilishazoea giza, mdogo wangu. Turudi nyumbani."

Niliona haya. Nilikuwa nimeyauza macho ya dada yangu kwa ukurasa mmoja na nusu wenye mistari chini.

Saa mbili na robo mngurumo ulirudi. Basi liligeuza, likasimama, na wa kwanza kushuka alikuwa Kandidus, ambaye alilala nyumba moja na dereva na ndiyo maana hakuachwa.

"Nimewaambia tangu mtoni, Mwalimu hayumo!" alifoka. "Jana ameshuka na sisi. Hyasint ananiambia eti imeandikwa. Nikamwambia, aliyeandika ndiye aliyebaki!"

Hyasint aliniamkia kwa adabu, akaomba radhi kwa kwenda kinyume na maandishi yangu. Zuhura alimshika dada mkono, akampandisha, akamkalisha kiti cha mbele. Tuliondoka saa tatu na nusu, maana kulikuwa na mtu mmoja wa kusubiri.

Ijumaa dada alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, la pili wakaliahidi safari nyingine. Nimejifunza nini? Kwamba Kampuni ya Ukingo inaendeshwa vibaya, na hilo nitalisema popote. Na kwamba mimi nilitaka saa ifuatwe kwa wengine, mwenyewe nisubiriwe.

Jumamosi asubuhi bandeji ilifunguliwa. Dada alipepesa, akatazama dirisha, akamtazama muuguzi, kisha akanigeukia mimi na kunitazama muda mrefu.

"Kumbe umefanana na baba hivyo," alisema, "na hukuniambia."