Mgeni Aliyeniomba Nipunguze Pampu

Haya ninayokusimulia yalinikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Kibaha, jua halijazama. Sikuwa naumwa, sikuwa nimelala. Nasema mapema kwa sababu nimewahi kuwasimulia watu wawili watatu, na wote waliniuliza kama siku ile nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula. Wali na maharage, kama unataka kujua.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Watu wanapiga huko Mlandizi, wengine Dar, wananiletea, nami nakata, naunganisha, naweka muziki. Kazi hiyo inataka kompyuta yenye nguvu, na kompyuta yenye nguvu inachemka. Chumba changu kina bati juu na dirisha moja, feni za kawaida zilishindwa. Ndiyo nikajenga kompyuta inayopozwa kwa maji. Usishangae, haina tofauti kubwa na gari. Kuna tangi dogo la kioo, kuna pampu inayosukuma maji yapite kwenye prosesa, ule ubongo wa mashine, yabebe joto, kisha yanapita kwenye rejeta yenye feni, yanapoa, yanarudi tangini. Yanazunguka hivyo muda wote mashine ikiwa imewashwa. Mwendo wa pampu na wa feni unaupanga mwenyewe. Mimi pampu nilikuwa naiweka mwendo wa juu, naiongeza kazi ikizidi, na feni naziacha zifuate joto la maji, zikaze maji yakipata moto, zilegee yakipoa.

Maji yenyewe si ya bomba. Natumia maji ya betri, yale yanayouzwa vituo vya mafuta. Wiki ile mpira mmoja ulivuja, nikamwaga yote na kubadilisha mpira. Kwenda kununua mengine, hayapo. Kituo cha pili, hayapo. Na jikoni kulikuwa na dumu la maji aliloleta mama mkwe kutoka Kisarawe. Yeye akija kututembelea hutuletea muhogo, nazi, na maji ya chemchemi ya kwao, maana anasema ya Kibaha yana ladha ya chuma. Yalikuwa maangavu sana. Nikayachuja kwa kitambaa, nikajaza tangi, nikasema yatanisaidia mpaka nipate ya betri.

Sasa, nilikuwa na harusi ya kijana mmoja wa Mlandizi. Mama yake alikuwa anasafiri kesho yake asubuhi kwenda India kutibiwa, na siku ya harusi hakuweza kuinuka kitandani. Hakuona chochote, si ukumbi, si bibi harusi. Kijana alinipigia simu.

"Dada, nataka aondoke nayo. Sijui kama atarudi."

Nikamwambia apite baada ya magharibi, ataikuta.

Alasiri ile mvua ilikuwa inanyesha. Mume wangu alikuwa kazini Dar, nyumba nzima niko peke yangu. Nikaanza kurenda, yaani kompyuta inashona vipande vyote viwe video moja, na hapo ndipo joto linapopanda kweli. Nikaipandisha pampu mpaka asilimia themanini. Ikaanza kuvuma.

Nikasikia hodi.

Mlangoni alisimama mama mtu mzima, amejifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, miguu peku. Alikuwa anahema. Si kuhema kwa kupanda ngazi, alihema kama mtu aliyekimbizwa na bado anakimbizwa. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba kwa shida. Nikajua ni mtu wa kwao mama mkwe, kwa namna alivyotamka maneno. Nikamkaribisha ndani, nikamtandikia mkeka pale pale chumbani kwa kazi, maana ndiko kulikuwa na upepo wa feni.

"Umetoka Kisarawe, mama?"

"Huko huko."

"Umekuja na gari gani na mvua hii?"

"Sijui, mwanangu. Nazunguka tu. Tangu juzi nazunguka tu."

Nikamletea maji kwenye glasi. Aliyatazama, akayasogeza pembeni. Kisha akainua kichwa akisikiliza.

"Hicho kinachovuma ni nini?"

"Pampu ya kompyuta, mama."

"Punguza."

Mtu mzima akikuomba kitu kwako utafanyaje? Nikasema labda kelele zinamuumiza kichwa. Nikaishusha mpaka hamsini. Amini nakwambia, palepale pumzi yake ikatulia. Mabega yakashuka. Akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Joto la prosesa likaanza kupanda. Nikasubiri kidogo, nikairudisha pampu juu taratibu, nikidhani hatagundua. Nilimsikia kabla sijageuka. Alikuwa ameinama, mikono magotini, anahema ile ile. Nikashusha, akatulia. Nikapandisha, safari hii nikimwangalia usoni, na nikaona kifua chake kinakwenda sambamba na mvumo wa pampu. Nikashusha, na sikuipandisha tena.

Unajiuliza kwa nini sikukimbia. Kazi ya watu ilikuwa mezani, huo ndio ukweli. Na usoni hakuwa wa kutisha. Alikuwa amechoka tu.

"Mama, wewe ni nani?"

"Si mtu wa kukudhuru," akasema. "Mimi nimezoea kukaa. Kule kwetu nakaa. Watu wanakuja, wanachota, wanakunywa, basi, nakuwa nao. Wewe umeninyima kukaa."

Nikatazama lile tangi la kioo. Maji yalikuwa yanapita mle kimya, maangavu vilevile.

Mkono wangu ukaenda kwenye swichi. Ningezima, ingekuwa imeisha. Lakini kuzima ni kupoteza kazi yote na kuanza upya, na magharibi ilikuwa inakaribia, na yule mama wa Mlandizi alikuwa ameshafungasha. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumweleza. Nikamwambia yote: kwamba kuna mgonjwa, kwamba aliyeoa ni mwanaye, kwamba hakuona harusi, kwamba kesho anapanda ndege.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Anaumwa nini?"

"Sijaambiwa, mama. Ila madaktari hawakuwaficha nduguze kuwa hali ni mbaya."

Feni zilikuwa zinavuma, mvua bado inapiga bati.

"Basi maliza," akasema. "Lakini polepole."

Nikafanya kazi ambayo sijawahi kuifanya. Nikaishusha pampu hadi mwendo wa chini kabisa inaoweza kuzunguka bila kukwama. Nikapunguza nguvu ya prosesa nusu, feni zote za rejeta nikazifungulia mpaka mwisho, nikafungua ubavu wa kompyuta, nikaleta na feni ya sebuleni. Video ikawa inatambaa. Yeye alikaa amenyoosha miguu, na nilipotazama nikaona mkeka chini yake umelowa, ingawa kanga zake zilikuwa kavu.

Tulikaa hivyo. Wakati fulani akaniuliza, "Mkweo hajambo?"

"Hajambo."

"Alikuwa akija kulia kwangu, bado msichana. Alikuwa anamlilia mtoto wake wa kike. Alimwita Mwajuma."

Nikasema labda amekosea mtu, maana mume wangu ndiye mtoto wa kwanza na hana dada.

Ilipobaki kidogo kuisha, joto likatuzidi. Pampu ikiwa chini hivyo maji hayakuwa yanabeba moto haraka inavyotakiwa, yakazidi kupata moto kila yalipopita. Jasho likaanza kumtoka usoni, likifuka kama mvuke wa sufuria. Akaanza kutikisa kichwa huku na huku.

"Nachemka, mwanangu."

Nikipandisha pampu, namkimbiza. Nikiacha, namchemsha. Nikizima, mama wa watu anaondoka bila kitu. Nikasimama katikati ya chumba nikilia, na ndipo nikakumbuka friza. Huwa natengeneza barafu za ubuyu za kuuzia watoto wa jirani. Nikazikomba zote, nikazifunga kwenye taulo ili maji yasidondokee umeme, nikazilaza mgongoni mwa rejeta. Feni zikavuta ule ubaridi.

Akashusha pumzi ndefu. Mpaka leo naisikia ile pumzi.

Video ikaisha. Nikainakili kwenye flashi, na yule kijana akagonga mlango wakati nachomoa. Nilimkabidhi pale barazani, akanishukuru, akaondoka. Niliporudi chumbani hakuna mtu. Mkeka ulikuwa na maji yametuama katikati, katika umbo la mtu aliyekaa. Nikazima kompyuta, nikatoka nikakaa nje kwenye manyunyu mpaka mume wangu aliporudi.

Kesho yake niliyatoa yale maji yote, nikayatia kwenye dumu lake lilelile, nikaenda nayo Kisarawe. Mama mkwe alikuwa anamenya muhogo. Nilianza kumweleza huku nikiona aibu, nikijua ataniona nimerukwa na akili. Alinisikiliza anamenya. Nilipotaja Mwajuma, kisu kikasimama.

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Yeye, mama."

Akaweka kisu chini. Akaniambia kwamba kabla ya mume wangu alijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Walimzika upesi, na watu wakamwambia mtoto wa hivyo hana haja ya jina. Yeye alimpa jina peke yake, na hakulitamka mbele ya binadamu yeyote, hata mumewe. Alilisema kule chemchemi tu, alipokwenda kuchota maji.

Tukashuka pamoja nyuma ya mikorosho. Alivua viatu, akanipokonya dumu, akamimina mwenyewe, kidogo kidogo, kama unavyomwogesha mtoto mchanga. Alipomaliza hakuinuka.

"Alikuwa amechoka sana?" akaniuliza.

"Sana, mama."

Akabaki amechutama pale, mkono mmoja ndani ya maji, na mimi nikapanda mlima nikamwacha. Nilisikia anaongea. Sikusikiliza.

Mama wa Mlandizi aliitazama video njiani kwenda uwanja wa ndege, hadi mwisho, akaomba waianze tena. Kijana wake alinipigia kuniambia. Huko India alifariki.

Kazi bado naifanya, na kompyuta bado inapozwa kwa maji, ya dukani, yaliyofungwa kiwandani. Pampu naiweka mwendo wa kati, mmoja, siibadilishi. Lakini masikio yangu ya zamani sikurudishiwa. Nikisafiri kupita Mlandizi nafika Ruvu, na pale, unajua, maji ya mto yanavutwa mchana na usiku kupelekwa mjini. Wengine garini wanachati, wanasinzia. Mimi naziba masikio. Si mvumo wa mitambo ninaousikia. Nasikia watu wanahema, wengi mno, na hakuna anayewaambia wapumzike.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisikia. Ukiwa na mashine kama yangu, usijaze maji usiyojua yanakaa wapi. Na mgeni akibisha hodi kwako anahema, mvua inanyesha na kanga zake kavu, usimuulize amekuja na gari gani. Nenda kapunguze pampu kwanza.